Axio inayotoa kilomita 11 kwa lita: ugonjwa au foleni?

Swali: Nina Toyota Axio ya mwaka 2013, cc 1,500, niliyoinunua ikiwa imeshatembea kilomita 118,000. Ni gari tulivu, watoto wanalala njia nzima. Ila niliambiwa lita moja inakwenda kilomita 20, na mimi kati ya Mbezi Mwisho na Posta napata 11 tu. Fundi mmoja anasema shida ni giaboksi ya CVT (ile ya mkanda, isiyo na gia), niing'oe niweke ya kawaida. Mwingine anasema isiguswe, mafuta yake hayabadilishwi maisha yote. Na je, ningechukua ya haibridi ningekuwa na nafuu? (Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam)

Jibu: Dada, kwa njia yako hiyo, kilomita 11 kwa lita peke yake haionyeshi kwamba gari linaumwa. Inawezekana kuna kilomita moja au mbili unazopoteza kwa vitu vidogo, na tutavitafuta. Lakini giaboksi usiing'oe kwa sababu ya mafuta ya petroli. Na yule fundi wa pili usimsikilize hata kidogo.

Namba ya 20 haikutungwa na muuzaji. Axio ya umbo hili ilipotoka Japani Mei 2012, toleo la 1.5 lenye CVT lilipimwa kilomita 20 kwa lita kwa JC08, kipimo cha Kijapani cha ulaji wa mafuta. Kipimo hicho hufanyika ndani ya maabara: magurudumu yanazunguka juu ya rola kwa dakika kama 20, umbali wa kilomita 8.17, mwendo wa wastani kilomita 24.4 kwa saa, na kiyoyozi kimezimwa. Hakuna kilima cha Kimara, hakuna jua la saa nane, hakuna abiria wanne.

Sasa weka foleni kwenye hesabu. Injini ya cc 1,500 ikinguruma gari limesimama huchoma kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi huisogeza kwenye kile kiwango cha juu. Chukua safari ya kilomita 25. Tuseme gari likiwa kwenye mwendo linatoa kilomita 15 kwa lita: hapo limekula lita 1.67. Ongeza dakika 45 za kusimama na kusogea kwa lita 0.9 kwa saa: hiyo ni lita 0.68 iliyochomwa bila kukupeleka popote. Jumla ni lita 2.35, na ukigawanya unapata kilomita 10.6. Gari halijaharibika kitu. Gari hilohilo likienda Morogoro kwa mwendo wa 80 hadi 90, bila kukanyaga na kuachia ovyo, linapaswa kukupa 16 hadi 18. Hiki ndicho kipimo cha kuaminika cha afya yake. Ukienda safari ndefu ukarudi na 12, hapo kweli tafuta ugonjwa.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja gereji, pima vizuri. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu kijana wa sheli kuongeza ili kufikisha shilingi kamili. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 250, rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Fanya hivyo mara tatu uchukue wastani. Kuweka mafuta ya elfu ishirini na kuangalia mshale hakukuambii lolote, kwa sababu mshale wa tenki la lita 42 hauna usahihi huo. Ile namba inayoonekana kwenye dashibodi nayo ni makadirio ya kompyuta, mara nyingi yenye matumaini kuliko pampu.

Angalia pia saizi ya tairi. Axio hizi nyingi zilitoka na 175/65R15. Ukikuta umewekewa 195/65R15, kama wengi wanavyofanya ili gari liinuke, kila mzunguko wa tairi unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 4 na kidogo, lakini kihesabu hakijui. Kilomita 11 zako zinaweza kuwa 11.5. Wakati huohuo tairi hizo nzito zinaongeza ulaji na zinapunguza nguvu ya kuondoka.

Na ujue thamani ya unachokitafuta. Kwa kilomita 12,000 kwa mwaka, gari la 11 linakunywa lita 1,091. La 13 linakunywa lita 923. Tofauti ni lita 168. Zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu iliyotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, upate kiasi ambacho ni busara kukitumia kuirudisha. Kubadili giaboksi nzima hakutarudi kwa hesabu hiyo.

Sasa msako wenyewe, kuanzia vya bei ndogo.

Upepo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya mlango kuna stika yenye namba kwa kPa. Mia mbili na ishirini ni PSI 32, mia mbili thelathini ni 33, mia mbili arobaini ni 35. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Kijana wa upepo akijaza 40 "kwa sababu ya barabara", gari litakuwa gumu kama mkokoteni na breki zitapungua mshiko. Akikuachia 25, unachoma mafuta na kula kingo za tairi.

Breki zinazong'ang'ania. Hili linapuuzwa mno. Tembea kilomita kama tano barabara iliyo wazi bila kukanyaga breki sana, simama taratibu, halafu sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki haiachii. Mbele sababu huwa pini za kalipa zilizokauka grisi; nyuma huwa ni dramu iliyokazwa kupita kiasi au waya wa hendibreki. Fundi anyanyue gari kwa jeki, aweke stendi na vizuizi, gia iwe N, hendibreki imeachiwa, azungushe kila gurudumu kwa mkono. Kusugua kidogo ni sawa. Gurudumu linalohitaji nguvu ya mikono miwili si sawa.

Themostati. Hapa nakuomba utulie, kwa sababu kwenye magari ya mtumba mjini kwetu hiki ni chanzo kikubwa cha ulaji wa mafuta, na mara nyingi kimesababishwa na mafundi wenyewe. Wanaitoa themostati kwa hoja kwamba nchi ina joto, injini haiihitaji. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto la kazi, na ya injini yako, 1NZ-FE, huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikitolewa, maji yanapoa muda wote. Kompyuta ikiona joto la chini inaamini gari ndiyo kwanza limewashwa, inaongeza petroli, na giaboksi nayo inachelewa kushusha mizunguko ya injini. Petroli isiyoungua vizuri inashuka kwenye oili na kuifanya nyepesi kupita kiasi.

Axio yako haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikichemka. Kwa joto la Dar es Salaam, taa ya bluu inapaswa kuzimika ndani ya dakika chache za kuendesha na isirudi tena. Ikichelewa mno, au ikizimika kwenye foleni halafu ikarudi ukishika mwendo Kibaha, themostati imetolewa au imekwama wazi. Mashine ya kusoma kompyuta inathibitisha: joto la maji kwenye mwendo liwe nyuzi 82 hadi 95 hivi, na kosa namba P0128 likionekana, ndilo hilohilo. Nunua themostati halisi na mpira wake, na warudishie kulanti ya Toyota ya rangi ya pinki. Maji ya bomba yanaleta kutu na magamba kwenye rejeta.

Wakati mashine iko garini, omba wasome marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini, injini inapumua vizuri na usikubali kuuziwa sensa. Yakizidi hapo kwenda juu, anza na mpira wa hewa uliopasuka na sensa ya hewa, MAF, iliyoshika vumbi. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, isiguswe kwa kitambaa wala dawa ya kabureta. Filta ya hewa ichunguzwe kila kilomita 10,000, na mapema zaidi kama unapita vumbi. Plagi mwanya wake ni milimita 1.1, za kawaida hufikia kama kilomita 20,000, za iridiamu hufika 100,000. Bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo iridiamu ya bei ya kutupa usiinunue.

Oili ya injini ni lita 3.7 pamoja na filta. Injini hii ilitengenezewa oili nyepesi, 0W-20, na 5W-30 inaruhusiwa na inatosha sana kwa hali yetu. Kuweka 20W-50 "kwa sababu gari limezeeka" kunaongeza ulaji na kuchelewesha VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa vali kufunguka, ambao unafanya kazi kwa msukumo wa oili hiyohiyo. Kwa foleni yako badilisha kila kilomita 5,000, hata kama oili ni sintetiki na kopo limeandikwa 10,000. Kihesabu hakihesabu zile saa za kunguruma umesimama, lakini oili inazihesabu. Chomoa kipimo cha oili kila baada ya kilomita 1,000. Ikiwa inashuka kutoka alama ya juu hadi ya chini ndani ya muda huo, huenda ringi zimeganda kwa masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, na ni afadhali ujue mapema kuliko kusubiri taa nyekundu ya oili.

Sasa giaboksi. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na kinachozibana ni msukumo wa mafuta yake. Kwa hiyo mafuta hayo yana kazi mbili zinazopingana: yalainishe, na wakati huohuo yaache chuma kishikane na chuma bila kuteleza. Ndiyo maana mafuta ya giaboksi ya kawaida, ATF, yanaiua. Mkanda unateleza, unakwaruza uso wa puli, na mkwaruzo huo hautibiki. Kwa Axio ya umbo la 2012 kuendelea mafuta yake ni Toyota CVT FE. Ile ya nyuma yake, NZE141, hutumia TC. Hakikisha namba ya fremu: yako ya 1.5 isiyo na 4WD inapaswa kuanza na NZE161. Dukani usikubali maneno "hii ni ya CVT zote".

Anayesema hayabadilishwi maisha yote anazungumzia maisha ya mmiliki wa kwanza. Mafuta haya yanapata joto, na joto kwenye foleni ni kubwa kuliko barabara kuu kwa sababu hakuna upepo wa mwendo. Pia yanabeba unga wa chuma. Kwa matumizi ya Dar es Salaam badilisha kila kilomita 40,000. Kwa kuwa hujui historia ya kilomita 118,000 zilizopita, fanya sasa.

Utaratibu ni huu, na usimame pale ukiangalia. Gari liwe limelala sawa pande zote, si mbele juu ya mawe na nyuma chini. Boliti ya chini inafunguliwa kwa alenki ya milimita 6. Yatatoka mafuta kidogo, na hapo ndipo mafundi wengi wanaishia. Ndani ya tundu hilo kuna kijibomba cha kupimia ujazo. Nacho kifunguliwe ndipo mafuta ya sampo, beseni la chini ya giaboksi, yashuke. Yapimwe kwenye chupa, ili yaingie kiasi kilekile. Sampo ishushwe, sumaku zifutwe, chujio lioshwe au libadilishwe, gasketi iwe mpya. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho au vinavyochoma vidole ni habari mbaya, na afadhali ujue kabla ya kununua lita nyingine. Baada ya kujaza, injini iwashwe, lever ipitishwe taratibu kuanzia P hadi chini na kurudi, kisha ujazo upimwe mafuta yakiwa na nyuzi 35 hadi 45 kwa kusoma kwenye mashine: boliti ikifunguliwa injini ikinguruma, yadondoke matone. Yakimwagika yamezidi, yasipotoka yamepungua. Kujaza yakiwa ya moto sana kunaacha giaboksi na upungufu, na upungufu unaua haraka kuliko uchafu.

Kumwaga mara moja kunatoa chini ya nusu ya mafuta yote, kwa sababu mengine yamebaki kwenye konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi, na kwenye njia za ndani. Rudia baada ya kilomita 1,000, na mara ya tatu baada ya nyingine 1,000. Kwenye giaboksi isiyo na historia njia hii ni bora kuliko mashine ya kusukuma yote kwa nguvu.

Mafuta mapya hayatibu giaboksi iliyokwisha. Ijaribu hivi asubuhi ikiwa baridi: umekanyaga breki, weka R, kisha D. Kila moja ishike ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Ondoka taratibu, ikitetemeka kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa, mkanda au konveta vinateleza. Mluzi unaopanda na mwendo wa gari na usiopungua ukiachia pedali ya mafuta ni bearing. Lakini mtikisiko unaousikia umesimama kwenye D tu na ukaisha ukiweka N, huo mara nyingi ni maunti iliyochoka, yaani mpira unaoshikilia injini, kitu cha bei ndogo ambacho watu hukiita CVT mbovu. Kama dalili mbaya hazipo, huna giaboksi ya kubadilisha.

Kuiwekea ya kawaida ya gia nne kunataka kompyuta yake, waya zake, maunti na ekseli. Unaishia na gari ambalo taa ya injini haizimiki, halina fundi anayelielewa, na linakula zaidi kwa sababu gia nne haziwezi kushusha mizunguko kama CVT. Hata siku CVT yako ikifa kweli, tafuta ya mtumba ya modeli ileile kwa namba ya fremu, dai mafuta yamwagwe na sampo ifunguliwe kabla hujalipa, na njia ya kupozea mafuta yake isafishwe kabla ya kufunga.

Kuitunza barabarani si kazi ngumu. Simama kabisa kabla ya kuhama R kwenda D. Kilimani ishikilie kwa breki, si kwa mafuta. Ukikwama kwenye mchanga au tope, usizungushe tairi kwa hasira, tafuta wa kusukuma. Mteremko mrefu kama Kitonga shusha lever chini ya D ili injini isaidie breki. Gari likiharibika, libebwe kwenye gari la kubeba au linyanyuliwe magurudumu ya mbele. Kuliburuza kwa kamba safari ndefu kunazungusha giaboksi ambayo pampu yake ya mafuta imelala.

Ule utulivu unaowalaza watoto nao unalindwa. Kimo cha Axio kutoka ardhini ni milimita 155, kidogo kwa matuta yetu, na wengi hukimbilia spesa, vipande vya kuinulia gari. Spesa ndefu zinaweka ekseli kwenye pembe kali na kukata mipira ya sivi jointi, kisha alaimenti haikai. Nikishauri, nasema kwanza badilisha shokapu zilizokufa kwa jozi, pamoja na mipira ya juu yake. Kama springi nazo zimechoka, zibadilishwe, na gari litarudi juu lenyewe. Kama bado linagusa, spesa ya milimita 20, isizidi, na alaimenti siku hiyohiyo. Kugongagonga kwa mbele kwenye vishimo vidogo kwa kawaida ni linki za stabilaiza, kisha bushi za mkono wa chini. Kiyoyozi kikidhoofika, anza na filta iliyo nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria kabla hujaongeza gesi. Gari nyingi za mtumba zinafika na ileile ya Japani imejaa majani.

Kuhusu haibridi: kwa njia yako, ndiyo, ingekula kidogo zaidi ya nusu ya unachotumia sasa, kwa sababu kwenye foleni injini inazima na gari linasogea kwa umeme. Ilianza kuuzwa Agosti 2013 ikiwa na namba ya fremu NKE165 na kipimo cha JC08 cha kilomita 33. Lakini betri yake kubwa ya volti 144 imekaa chini ya kiti cha nyuma, inazeeka kwa joto, na ya gari la miaka hiyo inaweza kudai kubadilishwa mara tu baada ya kuinunua. Kuuza lako zima ukanunua hiyo ya umri uleule, mimi singekushauri. Siku ukibadilisha gari, nunua ya haibridi iliyosomwa betri seli kwa seli kwa mashine, na uangalie kichungi cha feni ya betri pembeni ya kiti cha nyuma: kikiwa kimeziba vumbi, betri hiyo imekuwa ikipikwa, hata kama gari linang'aa.